Mkunjo wa Noti ya Thuzar

U Ba Shein alikuwa adui wa mikunjo. Alipiga pasi nguo za watu chini ya ngazi za jengo moja bovu mtaani Pazundaung, hapa Yangon, kwa pasi ya mkaa, tangu umeme haujafika uchochoro ule mpaka ulipofika na kuanza kukatika ovyo. Saruni ikitoka mikononi mwake ungeweza kuitandika mezani ukaandikia barua juu yake. Alikuwa mtu wa maneno machache na macho makali, na ukikaa vibaya ukaliharibu shati alilokupigia asubuhi, alikutazama kana kwamba umemtukana mama yake. Wateja walimtania: "Baba mkubwa, hata uso wangu umejikunja, nipitishie pasi basi." Hakucheka. Aliyecheka kwa niaba ya nyumba nzima alikuwa mkewe, Daw Than Nwe.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kuharibiwa maisha na mkunjo mmoja, tena si wa nguo.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, Thuzar, aliyekwenda Bangkok akiwa msichana na kupata kazi ya kusafisha vyumba vya hoteli. Karatasi zake za kazi zilikuwa za kuungaunga. Akitoka, hana uhakika wa kurudi, kwa hiyo hakuja nyumbani. Alituma alichoweza, na kila alipopiga simu mama yake alimuuliza kama amekula, na yeye alijibu amekula, na wote wawili walijua kwamba hilo silo walilotaka kuulizana.

Siku moja mgeni wa hoteli aliondoka akamwachia Thuzar noti ya dola mia juu ya mto. Noti mpya, haijawahi hata kupinda. Thuzar hakuitumia. Aliiweka katikati ya jarida, akampa rafiki yake aliyekuwa anarudi Yangon, kisha akapiga simu.

"Hiyo msiile," alisema. "Ni ya nyinyi wawili kuja kuniona. Tiketi nitalipa mimi. Ila lazima muwe na pesa ya kigeni mkononi, wakiwauliza pale mnapoingia muwaoneshe. Wasio na kitu wanarudishwa."

"Tutakuja," alisema mama yake. "Tutakuja hata kesho."

Daw Than Nwe alikwenda mwenyewe stendi ya mabasi kumpokea yule rafiki. Pale stendi vibaka ni wengi kuliko abiria, na mwanamke yule hakuwahi kushika dola tangu azaliwe. Aliitoa noti kwenye jarida, akaikunja mara mbili ikawa robo, akaitia kwenye sidiria. Akarudi nyumbani anatokwa jasho na furaha, akaitoa mbele ya mumewe kama mtoto aliyeokota kitu njiani.

U Ba Shein aliweka pasi chini.

"Umefanya nini?"

"Nimeificha. Pale stendi unapajua mwenyewe."

"Hukuificha, umeiua," alisema, na hakusema polepole. "Mwanamke mzima, unaikunja dola kama unakunja tambuu?"

Majirani walisikia. Wengine walitoa vichwa madirishani, na mmoja akacheka. Daw Than Nwe alisimama pale na ile noti mkononi, tabasamu lake limebaki usoni bila kazi.

Hapa kwetu, kwa kweli, dola haikunjwi. Watu huibeba ndani ya kitabu, au kati ya makaratasi magumu, na huishika pembeni tu. Mbadilisha fedha huigeuza, huimulika, huipapasa kama daktari, na akiona alama ndogo anakurudishia kwa vidole viwili. Yeye anaogopa benki itamkatalia. Benki nayo inamwogopa nani, sijui, na sijawahi kukutana na mtu anayejua.

U Ba Shein aliipeleka sokoni kwa Ko Latt, kijana aliyekuwa anabadilisha fedha kwenye kimeza nyuma ya maduka ya vitambaa, ambaye alimfahamu tangu akiwa mtoto wa kupigiwa pasi sare za shule.

"Sitini," alisema Ko Latt. "Na hiyo ni kwa kuwa ni wewe, Baba mkubwa. Mwingine ningemwambia akafungie karanga."

"Ni mia hii. Imeandikwa mia."

"Imeandikwa mia na imekunjwa robo. Mimi nifanyeje?"

"Nikienda nayo hivi hivi nje ya nchi?"

Ko Latt hakuwahi kuvuka mpaka wowote maishani mwake, lakini alijibu bila kusita. "Mkunjo ni mkunjo. Hata huko Marekani kwenyewe wataikataa. Utaitoa mbele ya ofisa, atakucheka, halafu atakurudisha kwenye ndege uliyokuja nayo."

Hilo la kuchekwa ndilo lililomwingia U Ba Shein. Kukosa pesa alikuzoea. Lakini kusimama mbele ya ofisa wa kigeni, na mke wake nyuma yake, akitoa noti iliyokunjwa, yeye ambaye kazi yake ni kunyoosha? Afadhali asiende.

Alifanya jambo moja la siri. Mkewe alipotoka, aliilaza noti juu ya meza, akaifunika kitambaa chembamba, akapunguza mkaa, akaipitishia pasi. Mkunjo ulilala kidogo, lakini noti ikang'aa kama kola ya padri. Akaipeleka kwa Ko Latt. Ko Latt aliinusa tu.

"Baba mkubwa, umeipiga pasi hii. Sasa ni hamsini."

Wabadilishaji wote wa pale nyuma walicheka siku ile mpaka mmoja akapaliwa na chai. U Ba Shein alirudi nyumbani, na hakumwambia mkewe kitu. Alimwacha aamini kwamba kosa lote ni la vidole vyake yeye.

Naye Daw Than Nwe alijipa kazi ya kulirekebisha. Alikuwa na jiwe zito la kusagia liwa, lile la duara ambalo mwanamke wa kwetu husugulia gome la thanaka kwa maji kila asubuhi na kujipaka mashavuni. Aliiweka noti kati ya vipande viwili vya boksi, akavifunga kwa kitambaa, akailaza chini ya jiwe. Kila asubuhi alisaga liwa yake juu ya noti ile. Kila jioni aliinua jiwe, akafungua, akainyanyua noti kwa uangalifu mkubwa na kumwonesha mumewe.

"Hebu tazama. Imepona?"

"Bado," alisema U Ba Shein. Mara nyingine aliangalia. Mara nyingi hakuangalia.

Thuzar alipopiga simu kuuliza wanakuja lini, baba yake ndiye aliyejibu.

"Miguu ya mama yako inamsumbua. Ikipata nafuu."

Daw Than Nwe alikuwa amekaa palepale, na miguu yake mizima iliyompeleka sokoni na kumrudisha na kapu kichwani. Hakumpinga. Alifikiri mumewe anamsitiri asiaibike mbele ya mtoto wake, akamshukuru kwa macho. Kumbe mzee alikuwa anajisitiri mwenyewe.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Ungedhani ni jambo la wiki chache, watu wazima wawili wangepata ufumbuzi. Lakini kila walipoweka akiba, kodi ilipanda, au dawa, au pasi ikaunguza saruni ya hariri ya mtu. Noti ile ikabaki ndiyo safari yao, na safari ikawa inasubiri ipone. Thuzar alizidi kuuliza kwa upole, baadaye akauliza mara mojamoja, mwishowe akaacha kuuliza. Alipoolewa na Mburma mwenzake, mfanyakazi wa kiwandani, walioneshwa harusi kwenye simu.

Masika yaliyopita Daw Than Nwe alishikwa na homa, na homa haikumwachia. Alipoona mambo yanamwendea vibaya alimwomba mumewe amsogezee lile jiwe karibu na mkeka, kisha akaligusa kwa mkono.

"Mrudishie Thuzar ya kwake. Mpelekee mwenyewe, usimpe mtu," alisema. "Mwambie nilijitahidi kuinyoosha."

Thuzar hakuweza kuja kuzika.

Baada ya hapo nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba U Ba Shein alisikia mkaa ukipasuka ndani ya pasi. Alimimina chai kwenye vikombe viwili kwa mazoea, akanywa kimoja, akakitazama cha pili mpaka kikapoa, akakinywa nacho. Wateja walikuja na utani wao, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuucheka, wakaanza kuacha nguo na kuondoka. Jiwe hakulitumia wala hakuliondoa. Upweke ulimkamata vibaya mzee wa watu. Ilikuwa mara ya kwanza anaujua, maana kabla ya hapo alikuwa na mtu wa kumnunia.

Basi akaamua kwenda. Alikwenda kwa Ko Latt kidogokidogo, kila alipopata, akanunua baht za Thailand.

"Umefanya la maana," alisema Ko Latt, aliyekuwa sasa na kitambi na watoto. "Hizi wananiletea akina mama wanaochuuza nguo mpakani, ndiyo maana nakupa bei ya chini. Usithubutu kubadilisha uwanja wa ndege, Baba mkubwa. Pale wanakunyoa bila maji, uwanja wa huku na wa kule. Ukiwa na cha kubadilisha, toka nje, tafuta vibanda vya mtaani, angalia vibao, fananisha. Mwenye tofauti ndogo kati ya bei ya kununua na ya kuuza, huyo ndiye wako." Akamtazama. "Na ile ya marehemu?"

"Naipeleka ilikotoka."

"Wakiipokea hata kwa nusu, shukuru."

Alisafiri na baht zake kwenye mfuko wa ndani, na noti kati ya vile vipande vyake vya boksi, imefungwa kwenye saruni ya mkewe ndani ya sanduku. Kwenye ndege alirudia maneno atakayomwambia ofisa. Alipofika kwenye kizuizi cha pasipoti alishatoa baht zote na kuzishika kama feni, zimenyooka, zinaonekana. Ofisa alikuwa kijana mwenye usingizi. Alimgongea muhuri, akasukuma pasipoti, akamwita wa nyuma. Hakuziangalia.

U Ba Shein alisogea pembeni na pesa zake mkononi. Alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona, na ilimchukua muda kunyanyuka.

Thuzar alimpokea nje. Alikuwa amenenepa kidogo, na alitembea kama mama yake, bega moja mbele. Walishikana mikono wakaangalia chini. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya juu ya nyumba ya wapangaji, na mumewe alikuwa na zamu za mbali, anarudi mara moja kwa wiki. Thuzar alitoka asubuhi na mapema, akarudi amechoka. Mchana kutwa baba yake alikaa peke yake akisikiliza televisheni za majirani kwa lugha asiyoijua. Alimpigia pasi sare zake zote, kisha mapazia, kisha taulo. Sanduku lenye noti alilisogeza huku na huku. Kila jioni alijiambia leo nampa, na kila jioni Thuzar alisema, "Umekula, Baba?" naye akajibu, "Nimekula."

Siku ya mapumziko ya Thuzar walikunywa chai, na mzee akaona akichelewa zaidi atarudi nayo Yangon. Akafungua vile vipande vya boksi.

"Mama yako alisema nikurudishie."

Thuzar aliitazama noti. "Hii bado ipo? Mimi nilidhani mlishaila zamani. Sikuwa nimekasirika, lakini nilidhani mmeila."

"Alisema nikwambie alijitahidi kuinyoosha."

"Kunyoosha nini?"

Mzee alipitisha kidole kwenye ule msalaba wa mikunjo. Thuzar alitikisa mabega, akaiweka mkobani. "Twende tukaibadilishe basi. Nikununulie viatu, hivyo vyako vinacheka."

Karibu na soko kulikuwa na kibanda chembamba, dirisha moja na kibao cha bei. U Ba Shein alisoma kibao kama alivyofundishwa, akakifananisha na cha jirani yake, akaridhika. Ndani alikaa mama mmoja mnene mwenye miwani, anakula embe bichi kwa chumvi. Thuzar alisukuma noti dirishani.

"Mwambie ina mkunjo," alisema baba yake.

"Baba, huku hawajali."

"Mwambie kwanza. Asije akasema tumemficha."

Thuzar alimwambia. Yule mama aliacha kutafuna, akainyanyua noti kwenye mwanga, akaigeuza, akauliza kitu.

"Anauliza mkunjo una nini."

Zikahesabiwa baht, bei ileile ya kwenye kibao, kamili, hakikukatwa kitu. Kisha yule mama alichukua bunda la dola, akaichomeka ile noti ndani yake, akalikunja bunda zima katikati kwa kiganja, akalitia mpira, akalitupa kwenye droo. Akarudi kwenye embe lake.

U Ba Shein aliendelea kuiangalia ile droo.

"Tangu lini hawajali?"

"Hawajawahi kujali, Baba. Kwetu tu ndiko wanakokataa. Hapa mradi haijachanika." Thuzar alikuwa anahesabu pesa, akaacha. Uso wake ulibadilika polepole. "Baba. Mlikuwa mnasubiri nini?"

Watu walipita katikati yao na mifuko ya mboga.

"Miguu ya mama ilikuwa inauma kweli?"

Angeweza kusema ndiyo. Aliyejua ukweli alikuwa ameshazikwa. "Hapana," alisema. "Ilikuwa mizima."

"Mimi nilijua hataki kuja. Miaka yote hii, Baba. Nilijua amenichoka."

"Alikuwa anakuja kila siku. Kila jioni aliinua jiwe akaniuliza kama imepona. Mimi nikamwambia bado. Niliiogopa aibu. Na pasi niliipitisha mimi, yeye hakujua. Alikufa anadhani ni yeye."

Thuzar alimgeuzia mgongo. Aliondoka haraka, bega moja mbele, akapotea kwenye umati, na mzee akabaki peke yake katika mji asioujua hata njia ya kurudi kitandani kwake. Hakumfuata. Aliona ni haki yake kuachwa. Alisimama karibu na kibanda, mikono imening'inia, na yule mama wa embe akaanza kumtazama kwa wasiwasi.

Thuzar alirudi. Macho yalikuwa mekundu, na hakumwangalia. "Twende nyumbani," alisema.

"Muombe aniuzie ile noti."

"Baba, akiuza ni bei nyingine. Tutakula hasara."

"Nitalipa mimi. Nina za kwangu."

Alizitoa zile baht zake za kuoneshea, ambazo hakuna aliyeziangalia, akazilaza dirishani. Yule mama aliguna, akafungua droo, akatandaza bunda lote kwenye ubao ili mzee achague. U Ba Shein aliinama. Macho yake, yaliyokuwa yanaona mkunjo wa shati ng'ambo ya barabara, yaliangalia noti ya kwanza na ya pili na ya tano. Zote zilikuwa zimekunjwa. Nyingine robo, nyingine katikati, nyingine zimefinyangwa kama karatasi ya kufungia vitumbua. Mkunjo ule uliokalia maisha yao hakuweza kuutofautisha na mingine.

"Ni ipi, Baba?"

Akainama zaidi, mpaka pua ikakaribia ubao. Yule mama alinyoosha mkono kuzuia fedha zake, Thuzar akamwambia neno, akaurudisha. Mzee alinusa noti moja, akaiacha, akanusa ya pili. Alipofika kwenye moja ya pembeni alifumba macho. Ilinuka liwa.

"Hii."

Thuzar aliichukua, akaisogeza puani, akaziba mdomo kwa mkono wake mwingine.

Yule mama alihesabu malipo, akasukuma bahasha ngumu dirishani, maana alishaona kwamba watu hawa na hii noti yao wana jambo. U Ba Shein aliirudisha ile bahasha. Aliichukua noti mkononi mwa binti yake, akaikunja katikati, akaikunja tena, palepale alipokuwa ameikunja Daw Than Nwe siku ile stendi. Ilikubali bila shida. Akaitia ndani ya shati, upande wa moyo.

"Huko nyumbani hawataipokea, Baba," alisema Thuzar.

"Najua," alisema.